Krismasi Tuliyokula Maharage

Ukifika Buza ukauliza habari za Katekista, watu watakwambia mambo mawili. La kwanza watalisema wakicheka: kwamba alikuwa mtu pekee Temeke nzima aliyeweza kumrudisha bwana harusi nyumbani kwa kuchelewa mafundisho dakika kumi. La pili watalisema kwa sauti ya chini, hasa wakiona wewe ni mgeni: kwamba mwaka mmoja, siku ya Krismasi, alichinja mbuzi kwa mkono wake, akaacha majirani Waislamu waambiwe kachinja Mzee Nassor wa dukani, na watu nusura wale. La kwanza ni kweli. La pili ni uongo, na anayejua ni uongo ni mie, kwa sababu mbuzi wale niliwachinja mie.

Nimeanza na hilo ili mtu asije akasema nimemzungusha. Mie si mtu wa kuzunguka. Nimesoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Lakini leo nina mabucha matatu, nyumba yangu ndiyo ghorofa ya kwanza kujengwa mtaani kwetu, na wenye digrii zao wakija kununua maini wananiita bosi. Haya nimeyaandika mwenyewe. Binti yangu amenisaidia nukta na mkato, basi.

Katekista nilimjulia Vingunguti, machinjioni. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na tatu, nimetoka Songea na begi moja, na kazi yangu ilikuwa kuchuna. Kwa asiyejua: pale kisu cha shingo ni cha Mwislamu, ili nyama iliwe na watu wote wa mji. Sie wengine tunampokea mnyama akishalala, tunachuna, tunapasua, tunabeba. Na kuchuna nilikuwa najua. Ng'ombe mzima nilikuwa namvua ngozi kama mama anavyomvua mtoto shati, bila tundu hata moja. Walikuwa wananiita Wembe.

Jumatano moja mchana, tumekaa pembeni tunakula mihogo, akaingia mtu mwembamba wa kama miaka hamsini, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni, anasukuma baiskeli katikati ya yale maji ya damu na kinyesi kama anapita sokoni. Tukadhani bwana afya. Akaegemeza baiskeli ukutani, akasema anatafuta watu wanaonuka wanyama. Jamaa mmoja akamwambia basi mzee umefika, chagua. Tukacheka. Yeye hakucheka. Akasema siku aliyozaliwa Yesu malaika hawakwenda kwa watu waliooga. Walikwenda kwa wachungaji, watu wa kulala na mifugo, ambao wakikaa karibu yako unasogea.

"Habari ile ingekuja leo Dar es Salaam," akasema, "isingeanzia mjini. Ingeletwa hapa, saa hii, na nyie mngeacha mihogo mkaenda."

Mie niliiacha. Nilikuwa nimebatizwa utotoni kwetu, lakini Komunyo sikuwahi kupokea, na hakuna mtu wa kanisa aliyewahi kunifuata kazini. Wengi wao wakikutana na sie tukitoka machinjioni walikuwaga wanavuka barabara. Huyu alikuja kila Jumatano, miezi minane, mpaka tukawa darasa la watu sita, na wote sita tulihamia kigango chake cha Buza.

Kigango chenyewe kilikuwa banda la bati lenye madirisha yasiyo na vioo, na kengele ilikuwa ringi ya lori iliyoning'inizwa kwenye nguzo. Padri alikuwa anakuja mara mbili kwa mwezi kutoka parokiani. Siku nyingine zote Katekista ndiye aliyekuwa kila kitu. Alikuwa anagonga ringi, anaongoza ibada, anafundisha watoto, anazika, anapatanisha mke na mume, na mchana anafagia. Hati yake ilikuwa nzuri kupita kiasi na aliijivunia, hilo hakulificha. Akiandika ubaoni "Sala ya Bwana" anarudi nyuma hatua mbili anaitazama, kichwa upande, kama fundi cherehani aliyemaliza suti. Tukimwambia Katekista si umetuambia kujivuna ni dhambi, anasema hajivuni yeye, inajivuna chaki.

Kufundisha alikuwa na njia yake. Hakuwa mtu wa kusema Mungu ni upendo halafu akanyamaza, kama wafanyavyo wengi. Alikuwa anauliza. Upendo huo ukoje? Una miguu? Unakuja, au unakaa unangoja uitwe? Kila Majilio, yale majuma ya kungoja Krismasi, alikuwa analeta hori darasani, hori la kweli la mbao, aliloazima kwa mfugaji mmoja jirani, lina pumba kavu kwenye pembe. Analiweka mezani, anatuuliza hiki ni nini. Tunajibu kwa pamoja: kitanda cha Mtoto Yesu. Anasema hapana, hebu nuseni. Hii ni sahani. Ng'ombe anakulia humu. Maria alimlaza mwanawe kwenye chombo cha kulia, na Mungu hakukataa, kwa sababu alikuja ili aliwe.

Halafu anaendelea, na hapa sauti yake ilikuwa inashuka. Anasema mwenye kupenda huandaa chakula ambacho mwenzake anaweza kukila. Mungu angeweza kuja na ngurumo na moto, na hiyo ndiyo hali yake, lakini sie tusingeweza kuimeza. Ndiyo akaja mtoto mchanga. Nani anamwogopa mtoto mchanga? Hata mwizi akivunja nyumba akamkuta mtoto analia, atambembeleza kwanza. "Ukimpikia mtu asichoweza kula," alikuwa anasema, "hukumpenda yeye. Umejipenda wewe mpishi."

Nilikuwa naitikia ndiyo, ndiyo. Nilikuwa sijaelewa.

Sasa msidhani alikuwa malaika. Alikuwa mkali, na ukali wake haukuwa na likizo. Watoto wa Komunyo aliwavuta masikio. Kwake kahawa ilikuwa nzuri, kahawa ya Mbinga, kwao, anaikaanga mwenyewe uani, lakini sukari ni kijiko kimoja. Ukiomba cha pili anakwambia Yohane Mbatizaji alikula nzige. Mkewe, mwanamke mnene mcheshi, ndiye aliyekuwa anatuongezea akigeuka. Yeye alimwogopa mkewe kuliko askofu. Na mwaka mzima alivaa kobazi za matairi, isipokuwa siku ya Krismasi alivaa viatu vyeusi vilivyokuwa vinambana na vinalia kwi kwi kila hatua. Mkewe akimwambia avitupe, anasema Mungu siku hii alijibana kuliko mie, acha niumie kidogo.

Lakini kitu ambacho hakukivumilia hata chembe ni uongo. Mlevi alimpokea, mwizi alimpokea, msichana aliyepata mimba nyumbani alimpokea na akamtafutia nepi. Mwongo hapana. Kuna wiki nilikosa mafundisho, nikamwambia nilikuwa na malaria. Kumbe aliniona uwanjani nikicheza mpira. Hakupiga kelele. Alikwenda ubaoni kwenye orodha ya majina, akalifuta langu kwa kiganja, polepole, herufi moja moja, akasema nitarudi nikishapona uongo. Nilikaa nje wiki tatu. Mtu huyo ndiye aliyekuja kusema uongo kwa ajili yangu.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Mzee Nassor. Huyu alikuwa Mwarabu wa duka la kona. Baba yake alifungua duka hilo Buza ikiwa bado mikorosho, na yeye alikulia nyuma ya kaunta hiyo hiyo. Kila alasiri baada ya swala Mzee Nassor alikuwa anatoa kibao cha drafti nje ya duka, Katekista anakuja na birika la kahawa, wanacheza kwa vizibo vya soda na kutukanana mpaka Magharibi. Utani wao ulikuwa unaita watu. Mara moja Mzee Nassor alirudisha kete kwa siri, Katekista akamkamata mkono. Mzee Nassor akasema, "Katekista, huyo Mungu wako anasamehe sabini mara saba, wewe kete moja tu inakushinda?"

"Yeye hachezi drafti," Katekista akamjibu.

Na shughuli ya mbuzi wa Krismasi ilikuwa ya watu hawa wawili. Jumuiya zetu tatu zilikuwa zinachanga mbuzi wawili na mchele, tunapika uwanjani kwa kigango, na mtaa mzima unakula, Mkristo na Mwislamu. Kwa hiyo mchinjaji alikuwa Mzee Nassor. Alikuwa anakuja na kisu chake kutoka nyumbani, anachinja kwa taratibu zake, anarudi kuoga, halafu anakuja na familia yake yote kukaa mkekani. Masufuria makubwa tuliyopikia yalikuwa yake, ya Idi. Na Idi ya Kuchinja ikifika alikuwa analeta mguu wa mbuzi kwa Katekista, anaubeba mwenyewe, hamtumi mtu. Wageni walikuwa wanashangaa: padri asipokuwepo sikukuu inaanza, lakini Mwarabu wa dukani asipofika haianzi. Mie niliona ni jambo la kawaida. Kumbe lilikuwa limejengwa na watu wawili kwa miaka mingi, na lingeweza kubomolewa na mtu mmoja kwa robo saa.

Mwaka huo Mzee Nassor alikuwa na mazishi Mbagala. Alituma ujumbe asubuhi kwamba mbuzi wasichinjwe, wamngoje, saa nne atakuwa amefika. Katekista aliniambia mie, kwa kuwa nilikuwa mtu wa machinjio, nikae na mbuzi nje, Mzee akimaliza nichune. Yeye akaingia kuongoza ibada, na kama kawaida yake, kwaya ikishika wimbo mrefu alikuwa anatoka kidogo kwa mlango wa nyuma, anarudi.

Saa nne ikafika, ikapita. Saa nne na nusu. Wapishi wakaanza kunung'unika kwamba moto unaisha bure. Mie nimeshika kamba mbili. Kisu changu kilikuwa kiunoni, nimekinoa tangu jana yake. Msichana mmoja wa kwaya akatoka kuchota maji ya kunywa, msichana niliyekuwa nimemtamani mwaka mzima bila kupata neno la kumwambia, na ambaye leo ndiye mama wa watoto wangu. Akanitazama juu mpaka chini. "Wembe," akasema, "kumbe kazi yako kushika kamba?"

Hilo tu. Akaondoka na ndoo yake.

Nilijiambia kisu ni kisu. Nilijiambia miaka miwili nasimama karibu na wachinjaji, nini nisichokijua? Nikawapeleka nyuma ya banda la kuni nikawachinja wote wawili, na kwa robo saa walikuwa wamechunwa wananing'inia, weupe, safi, hata unywele hakuna. Wapishi wakauliza nani kachinja. Nikasema Mzee Nassor, amepita mbio amerudi msibani. Yalitoka mdomoni laini kabisa. Wakatia sufuriani. Majirani walipoanza kufika wapishi wakawa wanawahakikishia, kaeni bila wasiwasi, kachinja Nassor mwenyewe. Mpaka ibada inakwisha mikeka ilikuwa imejaa.

Mzee Nassor akatokea hapo. Kanzu ina vumbi la makaburini, kisu kakizungushia gazeti, kwapani. Katekista ndiyo kwanza anatoka mlangoni na viatu vyake vinavyolia. Mzee akaanza kuomba radhi kwa kuchelewa, akauliza mbuzi wako wapi. Mzee mmoja mkekani akacheka, akamwambia mbona mbuzi wako tunawanusa hapa, umesahau mara hii?

Mzee Nassor hakucheka. Alitazama masufuria yake yanavyofuka moshi. "Nani kachinja?"

Katekista akageuka. Mie nilikuwa nimesimama kwenye kuni, shati limerukiwa na damu mpaka kwenye kola. Alinitazama mara moja tu. Nilifungua mdomo, naapa niliufungua, na hakikutoka kitu.

"Mie," Katekista akasema.

"Wewe?"

"Mie. Niliona unachelewa."

"Na hawa wameambiwa nimechinja mie."

 Katekista aliwatazama wapishi, akanitazama tena mie. "Na hilo ni langu," akasema.

Mzee Nassor alitikisa kichwa taratibu. Akasema wangemwambia wamechinja wenyewe, angekaa akala wali mkavu na asingenuna. "Lakini umechukua jina langu, Katekista, ukataka kulisha nalo watu." Akarudisha kisu kwapani akaondoka. Na mikeka ikaanza kuwa mitupu, bila ugomvi, mtu mmoja mmoja, familia moja moja, wanabeba viatu vyao. Bibi mmoja alikuwa ameshapewa sahani. Akaiweka chini kwa adabu na kuifunika kwa kanga aliyoiokota mkekani, halafu akaona kanga si yake, akairudisha.

Katekista akaamuru nyama iteremshwe. Akasema kila jumuiya itabeba sehemu yake baadaye ikale majumbani, lakini pale, siku ile, nyama haitaliwa, kwa kuwa wenzetu hawawezi kuila. Mkewe alikuwa na maharage ya nyumbani. Ndiyo yaliyokuja. Tulikula wali na maharage, watu arobaini kwenye uwanja wa watu mia mbili, na kwaya haikuimba.

Mie nilikuwa nimejificha nyuma ya choo. Alikuja kwi kwi kwi, nikajua leo kofi. Alisimama mbele yangu, akapumua.

"Kavae shati lingine," akasema, "uje ule."

Hakuongeza neno siku hiyo wala siku nyingine yoyote. Jumatano iliyofuata nilikwenda mafundisho nikitazama ubao, nikijua jina langu limefutwa. Lilikuwepo. Akanifundisha mpaka Komunyo, mpaka Kipaimara, na nilipomuoa yule msichana wa kwaya yeye ndiye aliyetuandaa, na siku hiyo mie ndiye bwana harusi niliyewahi kuliko wote aliowahi kuwaona.

Mtaniuliza kwa nini sikusema. Kila mwaka nilisema mwaka huu. Halafu nikafungua bucha la kwanza, pale pale Buza, na nusu ya wateja wangu ni Waislamu. Mtaji wa bucha si friji wala mizani. Ni watu kuamini ukiwaambia nani kachinja. Neno lile lingetoka nje, bucha lingekufa siku hiyo. Nikajiambia nina mtoto, nikajiambia nina wawili. Bucha la pili, la tatu. Kila sherehe nikipewa kipaza sauti nilikuwa nasema mie nimejijenga mwenyewe, sikusaidiwa na mtu. Na Katekista amekaa meza ya wazee, anakula, anasikiliza. Hakuwahi kuinua macho kunitazama nikisema hivyo. Mwanzoni nilishukuru. Baadaye ilianza kuniuma, maana nilijua nyumba yangu ya ghorofa imesimama mgongoni kwa nani.

Na yeye je? Kibao cha drafti hakikutoka tena nje. Mzee Nassor alikuwa anamsalimia, maana salamu ni haki, na anamuuzia chumvi na kiberiti, basi. Idi ikapita bila mguu wa mbuzi, na nyingine, na nyingine. Krismasi mbuzi wakawa wanachinjwa na mchinjaji tuliyemleta kutoka Vingunguti, na majirani wachache walirudi, wengi hawakurudi. Katekista akawa anakunywa kahawa yake uani kwake peke yake, saa ile ile ya drafti. Mkewe alipofariki, Mzee Nassor alikuja kuzika, alitupia udongo, alituma mikeka na mapipa mawili ya maji. Wali wa msibani hakuugusa. Kwetu mtu akija msibani kwako asile, amekwambia kila kitu.

Na bado nilikaa kimya.

Desemba iliyopita nilimfuata Kigamboni. Anaishi huko na binti yake, nesi, tangu alipopigwa na kiharusi upande wa kulia. Kila Majilio nampelekea mchele, mafuta, nyama ya steki, naegesha gari kubwa mlangoni, watoto wa jirani wanakuja kuligusa. Akili yake inakuja na kuondoka. Siku nyingine ananiita kwa jina la mdogo wake aliyekufa zamani. Siku hiyo alinijua. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, na kama kawaida yake swali la kwanza likawa hilo: Nassor hajambo? Nikasema hajambo. Ndipo akaanza kulia, kwa jicho moja, lile linalofanya kazi.

"Nilimkosea yule mzee," akasema. "Nilichinja bila kumngoja. Nikawadanganya watu kwa jina lake. Sijui nilikuwa na haraka ya nini."

 Nikamwambia Katekista, hukuchinja wewe, nilichinja mie, mie Wembe, kumbuka lile shati. Akatikisa kichwa. Nikarudia. Nikapiga magoti pale sakafuni, mtu mzima wa kilo mia moja na kumi, binti yake akatoka jikoni akanisikia na mwiko mkononi. Nikarudia mara ya tatu. Katekista akanipapasa kichwa kwa mkono wa kushoto.

"Usinibebee, mwanangu. Kila mtu na lake. Na uongo hata ukiusema kwa huruma ni uongo. Si nilikufundisha?"

Mtu huyu alisema uongo mmoja maishani, akaubeba miaka kumi na tisa kwa ajili yangu, mpaka uzee ukaja ukamnyang'anya kumbukumbu ya kwamba haukuwa wake. Angekufa akiomba toba ya dhambi yangu. Nilisimama, sikuaga vizuri, nikavuka daraja kurudi Buza. Sikuzima hata redio ya gari. Niliingia dukani kwa Mzee Nassor nikakuta wanawake wawili wananunua sukari, wote wateja wangu wa nyama. Nikaona nikingoja watoke sitasema tena. Nikasema mbele yao, yote, tangu kamba mpaka shati.

Mzee Nassor sasa anakaribia themanini. Alimaliza kufunga sukari ya watu. Alipangusa kaunta. Wanawake wale hawakutoka.

"Miaka kumi na tisa," akasema, "nakunywa kahawa peke yangu." Halafu akavua miwani, akaikunja. "Gari lako liko wapi?"

 Tulipofika darajani Mzee aliuliza, Katekista anakula? Nikasema kidogo, samaki anampenda. 

Katekista alipomuona mlangoni alijaribu kuinuka, akashindwa. "Nassor. Nilikuwa na haraka. Nisamehe."

Mie nikasogea niseme, ndicho nilichomletea mzee wa watu, Katekista ausikie ukweli mbele yake auamini. Mzee Nassor akaniinulia kiganja bila kugeuka. Alimtazama rafiki yake muda mrefu, mdomo uliopinda, mkono uliolala. Akakaa kitandani, pembeni yake kabisa.

"Mie ndiye nilichelewa, Katekista. Pale Mbagala maneno yalikuwa mengi. Mngeningoja mpaka lini?"

"Ulichelewa kweli," Katekista akasema.

"Nilichelewa."

"Basi tulikosa wote."

"Wote," Mzee Nassor akasema.

Katekista akacheka kwa nusu ya mdomo. Mie niko mlangoni na ukweli wangu mkononi na hakuna aliyenyoosha mkono kuupokea. Dhambi yangu ilikatwa vipande viwili na wazee wale mbele ya macho yangu, kila mmoja akachukua chake, na mie mwenye mabucha matatu sikubakishiwa hata mfupa.

Ndiyo maana naandika, ili angalau mtaa ujue. Tangu siku ile bucha la Buza wateja wamepungua, wale wanawake wawili wana midomo. Sawa. Anayetaka kuhama ahame, hajakosea. Na anayeendelea kusema Katekista alichinja, ajue amesema uongo, na sasa hana kisingizio.

Siku ile binti yake alileta ugali na changu wa kukaanga, akaweka mbele ya baba yake, akawa hajui amkaribishe vipi mgeni aliyejulikana nyumba ile kwa kutokula. Mzee Nassor hakungoja kukaribishwa. Alikunja mikono ya kanzu, akaulizia maji. Nikachukua birika na beseni kabla binti hajageuka, nikamnawisha yeye kwanza, halafu nikamnawisha Katekista, mkono mzima na ule uliokufa. Mzee Nassor akasema Bismillah. Akamchambua yule samaki taratibu, mwiba mmoja mmoja, minofu akiisogeza upande wa mwenzake, akifinyanga tonge akimtilia mdomoni, na katikati ya tonge na tonge akila la kwake. Walikuwa wanazungumza habari za watu waliokufa. Hakuna aliyeniambia kaa, na hakuna aliyeniambia toka. Nikasimama hapo hapo na birika mpaka walipomaliza, nikawamiminia maji tena.